Nilikisoma Kitabu cha Saikolojia Mara Tatu, Nikafeli

Swali la kumi na moja lilikuwa la mstari mmoja: eleza, kwa mfano, tofauti kati ya uimarishaji hasi na adhabu. Nilipolisoma moyo ulitulia. Ukurasa wake nilikuwa naujua. Niliuona kichwani kama umefunguliwa mbele yangu: upande wa kulia, chini ya mchoro wa panya ndani ya kisanduku cha majaribio cha mwanasaikolojia Skinner, mistari minne niliyoipaka wino wa manjano mpaka ukapenya upande wa pili wa karatasi. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa maneno ya hiyo mistari minne. Nikaandika kwamba uimarishaji hasi ni kumpa mtu adhabu ili aache tabia mbaya, nikaenda swali la kumi na mbili bila wasiwasi wowote.

Nilipata 38 kati ya 100.

Nilikuwa mtu mzima niliyerudi masomoni baada ya miaka tisa kazini. Nilisoma usiku, nyumba ikishalala, na kile kitabu cha saikolojia ya mwanzo nilikuwa nimekipitia mara tatu, jalada hadi jalada, kalamu ya manjano mkononi. Kama ningefeli kwa uvivu ningejua pa kuanzia kujirekebisha. Nilifeli baada ya kujituma, na hilo lilinitia hofu ya namna nyingine, kwamba huenda kichwa kimeshachoka na hakipokei tena. Nilikaa na hofu hiyo wiki mbili bila kumwambia mtu. Kisha nikarudi kwenye kitabu, maana mtihani wa marudio ulikuwa umebakiza miezi minne.

Sikuanza na sura ya kwanza. Nilianza na sura ya kumbukumbu, tena nusu yake ya mwanzo tu, ile inayoeleza tunavyosahau. Ndiyo niliyoipaka rangi kuliko sura zote, na nilitaka kuelewa ilikuwaje ikatoka yote kichwani.

Humo ndimo anamokaa Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazipanga kwa orodha, akazikariri mpaka aweze kuzitaja bila kosa. Aliacha muda upite, akazikariri tena, akapima safari ya pili imempunguzia kazi kiasi gani. Baada ya dakika 20 alikuwa ameokoa kama asilimia 58 ya kazi ya mwanzo. Baada ya saa moja, 44. Baada ya siku moja, karibu 34. Baada ya mwezi mzima bado zilibaki kama 21. Yaani sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema sana, ndani ya saa chache, kisha mteremko unalegea. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Uholanzi walirudia jaribio hilohilo kwa uangalifu, wakapata mchoro unaofanana na wake.

Mistari hiyo yote ilikuwa ya manjano kitabuni mwangu. Nilikuwa nimepaka rangi maelezo ya kwa nini kupaka rangi hakutanisaidia, na sikuyasikia.

Kilichonibadilisha kabisa ni utafiti wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa mwaka 2006. Kila mwanafunzi alipewa vifungu viwili vifupi. Kimoja alikisoma mara mbili. Kingine alikisoma mara moja, kikaondolewa, akaambiwa aandike chote anachokumbuka. Walioulizwa baada ya dakika 5 walikumbuka zaidi kifungu walichokisoma mara mbili, asilimia 81 kwa 75. Walioulizwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: kifungu kilichosomwa mara mbili kilibaki asilimia 42, na kile walichojipima nacho kilibaki 56. Katika jaribio lao la pili wakaona jambo jingine, nalo ndilo lililonigusa: waliosoma na kusoma tena ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Ule utulivu wa moyo wangu mbele ya swali la kumi na moja ulikuwa umeandikwa pale. Kitabu nilikijua kwa sura, kama unavyomjua mtu unayepishana naye kila asubuhi njiani na hujui anaitwa nani.

Basi nikaweka kalamu ya manjano kwenye droo, nikachukua karatasi tupu.

Usiku wa kwanza niliandika juu ya karatasi "Pavlov", yule Mrusi aliyezoesha mbwa kutokwa mate kwa mlio uliotangulia chakula, nikafunika kitabu. Yakaja maneno matatu: mbwa, kengele, mate. Nikangoja. Nilisikia saa ya ukutani. Nilijua kuna istilahi nne pale, nilijua hata zilivyopangwa kwenye jedwali, lakini nilipojaribu kuzijaza zilinikimbia. Kichocheo asilia ni kipi, chakula au kengele? Mate yanahesabiwa mara ngapi? Dakika kumi baadaye nilikuwa na mistari mitano, miwili kati yake ina makosa. Nilihisi aibu, kisha nikafungua kitabu kuangalia. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho sikukitarajia: majibu niliyoyatafuta kwa shida nikayakosa, nilipoyaona kitabuni yaliingia yakakaa. Chakula ni kichocheo asilia kwa kuwa hakuna aliyemfundisha mbwa kutokwa mate akikiona. Kengele mwanzoni haina maana kwake, inapewa maana na chakula kinachoifuata. Mate ni yaleyale, jina linabadilika kulingana na kilichoyatoa. Tangu usiku ule sijachanganya tena.

Nikaongeza na mengine ambayo kitabu kilitaja pembeni: kwamba Ivan Pavlov hakuwa mwanasaikolojia, alikuwa mtaalamu wa mmeng'enyo wa chakula, na Nobeli yake ya mwaka 1904 ilikuwa ya mmeng'enyo. Mbwa wake walianza kutokwa mate wakisikia hatua za mhudumu, kabla ya chakula kufika. Mtu mwingine angeona ni usumbufu unaoharibu vipimo. Yeye aliufuata.

Nilijiwekea utaratibu. Mada niliyoiandika leo niliirudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kila mara kwa karatasi tupu kabla ya kugusa kitabu. Mdogo wangu, ambaye tunaishi nyumba moja pamoja na mwanawe wa miaka minne, alinitengenezea kadi, swali mbele na jibu nyuma. Aliniuliza jioni akiwa anafanya shughuli zake, na hakunihurumia. "Dada, hujajibu. Umezunguka." Mara nyingi alikuwa na haki.

Sasa nirudi kwenye uimarishaji hasi, kwa sababu hapo ndipo somo lilipoacha kuwa la mtihani.

Tatizo la neno lenyewe ni kwamba "hasi" masikioni mwetu ni "baya". Wanasaikolojia wanalitumia kama wanahesabu. Chanya ni kuongeza kitu, hasi ni kuondoa kitu. Halafu kuna swali la pili lililo tofauti kabisa na la kwanza: je, baada ya hapo tabia imezidi au imepungua? Ikizidi, kilichotokea ni uimarishaji. Ikipungua, ni adhabu. Kwa hiyo uimarishaji hasi ni tabia kuzidi kwa sababu imeondoa kitu kinachokera. Umeumwa kichwa, umemeza kidonge, maumivu yameondoka, kesho ukiumwa utakimbilia kidonge mapema zaidi. Hakuna aliyeadhibiwa hapo.

Niliiandika hivyo kwenye karatasi, na mdogo wangu akaniomba mfano ambao haumo kitabuni. Nilitaka kusema kitu, nikanyamaza, kwa sababu mfano ulikuwa umekaa sakafuni mbele yangu na simu yangu mkononi.

Kila jioni ilikuwa hivi. Nafungua kitabu, mtoto anakuja. "Shangazi, simu." Namwambia hapana, ninasoma. Anaomba tena kwa sauti ya juu kidogo. Halafu analia, kilio cha kujitupa chini, na mimi kichwa kinagonga, mtihani unakaribia, namkabidhi simu. Kimya. Utulivu ule ulikuwa mtamu kiasi kwamba bega zangu zilishuka zenyewe. Ningeulizwa ningesema ninamtuliza mtoto. Nilipouchora mchoro ule kwenye karatasi niliona wanafunzi ni wawili. Yeye kilio chake kiliongezewa simu, kwa hiyo kiliimarishwa kwa njia chanya, na ndiyo maana kila wiki kilianza mapema zaidi. Mimi kutoa kwangu simu kuliondoa kilio, kwa hiyo kuliimarishwa kwa njia hasi, na ndiyo maana kila wiki nilitoa haraka zaidi. Alikuwa ananifundisha kwa ustadi uleule ninaoushindwa mtihanini, na hakuna kati yetu aliyejua.

Nilikuwa nimemwita mkaidi. Nilikuwa nimemwambia baba yake kwamba mtoto huyu ana kichwa kigumu. Nililia kidogo usiku ule.

Tulikubaliana na mdogo wangu kwamba simu haitolewi kwa kilio, na itatolewa kwa muda maalumu baada ya kuoga, alie asilie. Kitabu kilikuwa kimeshaonya kuhusu kitakachofuata. Tabia iliyozoea kulipwa, malipo yakikatika, mara nyingi haipungui mara moja, kwanza hupanda. Ikapanda. Siku ya tatu nilishindwa, nikampa. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya, maana malipo yanayokuja mara moja moja, bila kutabirika, huijenga tabia ikawa ngumu kuzimika kuliko yanayokuja kila mara. Ndicho kinachomweka mtu kwenye mashine ya kamari saa nyingi. Tulianza upya. Ilituchukua wiki tatu. Sasa anauliza, "Nishaoga?" kama vile yeye hajui.

Mtoto huyo ndiye aliyenifundisha hata habari za Piaget. Jean Piaget, Mswisi, aligawa ukuaji wa fikra za mtoto katika hatua nne, na miaka kama miwili hadi saba ndiyo hatua ambayo mtoto anatekwa na kile anachokiona kwa macho. Niliweka vikombe viwili vinavyofanana, nikavijaza maji sawasawa, akakubali kuwa ni sawa. Mbele ya macho yake nikamimina kimoja kwenye chupa nyembamba ndefu.

"Wapi kuna maji mengi?"

Akagusa chupa. "Hapa. Yamefika juu."

"Nani ameyaongeza?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza swali la ajabu. "Wewe."

Mdogo wangu akacheka, mimi nikabaki nikilifikiria jibu lile. Kwa nini mtu mzima amwage maji mbele yako kwa uzito ule, halafu akuulize swali lilelile mara ya pili, kama hakuna kilichobadilika? Mtoto hakuyatazama maji peke yake. Alinitazama na mimi. Baadaye nilikuta kwamba watafiti James McGarrigle na Margaret Donaldson walilifikiria jambo hilohilo mwaka 1974. Walipanga vitu vidogo katika safu mbili zilizo sawa, wakamleta mwanasesere dubu mtundu akaivuruga safu moja "kwa bahati mbaya", badala ya mtafiti kuivuruga mwenyewe. Watoto wengi zaidi walijibu kwa usahihi kuliko katika njia ya kawaida. Piaget hakubomoka kwa hilo, ila nilijifunza kwamba jibu la mtoto lina swali la mkubwa ndani yake.

Kuna sura ambayo wanafunzi wengi huiruka, ya mbinu za utafiti, na mimi niliiruka mara zote tatu. Nasema wazi kwamba ndiyo sura muhimu kuliko zote kitabuni. Ukiielewa, sura nyingine zinafunguka, kwa sababu zote zimejengwa kwa majaribio. Chukua ule utafiti wa vifungu viwili. Kilichobadilishwa na watafiti ni namna ya kusoma, hicho ni kigeu huru. Kilichopimwa ni kiasi kilichokumbukwa, hicho ni kigeu tegemezi. Nikitaka kubisha, ningesema labda waliojipima walikuwa na akili zaidi. Siwezi, kwa kuwa kila mwanafunzi alipitia njia zote mbili, analinganishwa na nafsi yake. Pale makundi yanapokuwa tofauti, watu hugawanywa kwa bahati nasibu, ili wenye bidii, waliolala vizuri na wenye wasiwasi watawanyike pande zote. Bila hivyo unabaki na uhusiano tu. Watoto wenye viatu vikubwa husoma vizuri kuliko wenye viatu vidogo, na hakuna mzazi atakayenunua viatu vikubwa ili mwanawe ajue kusoma. Umri ndio unaokuza vyote viwili. Nilipolishika hilo nilianza kusoma habari za afya kwa jicho jingine, na maswali ya mtihani ya "mtafiti amegundua kwamba" yakaacha kunitisha.

Saikolojia ya jamii niliipitia haraka kwa kuwa hadithi zake hazisahauliki. Solomon Asch na mistari yake ya kulinganisha urefu, mwaka 1951, ambapo mtu mwenye macho mazima alitaja mstari usio sahihi kwa kuwa waliomtangulia wote wametaja huo. Takriban robo tatu ya washiriki walifuata kundi angalau mara moja. Lakini akipatikana mmoja tu wa kusema ukweli, nguvu ya kundi ilianguka sana. Stanley Milgram, mwaka 1963, wanaume 40, na 26 kati yao wakaendelea kubonyeza swichi walizodhani zinampiga mtu mwingine umeme, mpaka volti 450, kwa sababu mtu mwenye mamlaka aliwaambia waendelee. Ninaposoma hayo huwa najiuliza ningekuwa wapi, na sipendi kujibu haraka.

Ila hapa niseme kitu kwa anayedurusu kwa kitabu cha zamani. Changu kilisimulia kwamba mwaka 1964 huko New York, Kitty Genovese aliuawa huku watu 38 wakitazama bila kufanya lolote. Waliochunguza baadaye hawakukuta ushahidi wa mashahidi 38 waliosimama kutazama. Habari ya gazeti iliyoeneza hadithi hiyo ilikuwa imekuzwa. Kilichosimama ni majaribio yaliyozaliwa na habari hiyo. John Darley na Bibb Latané, mwaka 1968, walimfanya mshiriki asikie kwa kipaza sauti mtu anayeonekana kupatwa na kifafa. Aliyedhani ni yeye peke yake anayesikia, alitoka kusaidia katika asilimia 85 ya visa. Aliyedhani kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 za saikolojia, na ni kama 36 tu kati ya mia zilizotoa tena matokeo ya kuaminika kitakwimu. Mwanzoni habari hiyo ilinivunja moyo. Nilikuwa nimejinyima usingizi kwa ajili ya mambo ambayo huenda si kweli? Baadaye nikaiona vingine: ni fani inayojikagua hadharani, na kazi yangu kama mwanafunzi ni kujua kila dai limesimama juu ya nini.

Katika sura hiyohiyo kuna kosa ambalo Lee Ross alilipa jina mwaka 1977, kosa la msingi la kuhukumu chanzo. Tunapoona mwenzetu amefanya jambo, tunalihusisha na tabia yake, tunaisahau hali aliyomo. Mtoto analia, ni mkaidi. Mwenzangu kazini hajibu salamu, ana kiburi. Mimi nisipojibu, nimechoka. Sikuhitaji kadi kwa hilo.

Mtihani wa marudio nilipata 79. Swali la uimarishaji halikuja. Nilikuwa nimelisubiri.

Ile nusu ya pili ya sura ya kumbukumbu niliifikia mwisho kabisa, siku chache kabla ya mtihani. Inaanza na Henry Molaison, ambaye kwa miaka mingi vitabu vilimtaja kwa herufi mbili tu, H.M. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, akaondolewa sehemu za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku ile hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Ukitoka chumbani ukarudi, alikuwa anakutana nawe upya. Brenda Milner alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota akiutazama kwenye kioo, kazi inayomchanganya kila mtu. Siku baada ya siku mkono wake ulizidi kuwa mzuri, na kila siku alisema hajawahi kuifanya. Mkono ulikumbuka, yeye hakukumbuka. Hapo nikaelewa kwa nini kitabu kinasisitiza kwamba kumbukumbu ni mifumo kadhaa na si ghala moja. Molaison alifariki mwaka 2008, na ndipo jina lake lilipotajwa.

Baada yake anakuja Elizabeth Loftus. Mwaka 1974, yeye na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari. Waliwauliza magari yalikuwa na mwendo gani, wakibadilisha kitenzi kimoja tu. Walioulizwa "yalipopondana" walikadiria mwendo kama maili 41 kwa saa. Walioulizwa "yalipogusana" walikadiria kama 32. Katika jaribio jingine, wiki moja baada ya filamu, waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Havikuwepo. Kati ya 50 waliosikia "yalipopondana", 16 walisema waliviona. Kati ya 50 waliosikia "yalipogongana", 7.

Mdogo wangu alinitaka mfano wangu mwenyewe, kama kawaida yetu. Nikasema mimi kumbukumbu zangu za utotoni ni imara, nikamtajia ile ya baba kuanguka kwenye ngazi. Baba yetu hayupo tena, na picha ile ni moja ya chache nilizo nazo za utoto wangu pamoja naye. Nimesimama mlangoni. Ngazi inateleza upande wa kushoto, yeye anaruka kwa mkono mmoja mbele, halafu anakaa chini na kutucheka ili tusiogope. Naona shati lake. Mdogo wangu akasema yeye hakumbuki lolote, ila kwa nini nisimuulize mama.

Nikampigia. "Mama, siku ile baba alipoanguka kwenye ngazi, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni au ndani?"

"Ulikuwa shule, mwanangu."

"Hapana, mama. Mimi nilimwona."

"Ulirudi mchana ukamkuta ameshafungwa mkono. Aliyemwona ni mdogo wako, alikuwa naye. Hajafika hata miaka minne. Hukumbuki alivyokuonyesha usiku? Alikuwa anajitupa kitandani, baba hivi, baba hivi, tukashindwa kumlaza."

Nilikaa na simu mkononi baada ya mama kukata. Nilijaribu kuifuta picha, haikufutika. Mpaka leo ngazi inateleza kushoto na shati linaonekana. Nilikuwa nimesoma sura hiyo mara tatu, nikapaka rangi maneno kwamba kumbukumbu hujengwa upya kila inapoitwa, na kwamba watu wazima wengi hawakumbuki matukio ya kabla ya miaka mitatu au minne. Vyote viwili vilikuwa vimekaa chumbani nami. Mdogo wangu aliona na akasahau, kama umri ule unavyosahau. Mimi sikuona, nikapokea kutoka kwake, nikakaa nayo miaka yote hii kama yangu.

Mwanawe alikuwa amelala kwenye kochi, kichwa mapajani mwake. Nikamwambia alichosema mama. Alinyamaza kwa muda, kisha akaweka kadi chini.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naye?"

"Wewe ndiye."

"Nisimulie, dada," akasema. "Taratibu."

Nikaanza na ngazi.